Klarineti ya Marehemu Wanjala

Simu ya Pasta Elisha ilinikuta nikikaanga vitunguu. Aliniambia baba yake, Askofu, ametuacha, nami nikasema pole kwa sauti ile ile ninayotumia nikiambiwa stima zitakatwa. Kisha akasema jina langu limeshachapwa kwenye ratiba ya ibada ya mazishi, baada ya wimbo wa akina mama na kabla ya mahubiri, na kwamba familia ingefurahi sana nikija na "ile saksafoni Mzee alikununulia." Nilizima jiko. Ndani ya sentensi moja ya msiba mtu alikuwa amenipa uongo mara mbili. Ile si saksafoni, ni klarineti ya besi, na nimewaambia hivyo watu wa kanisa lile tangu nikiwa msichana. Na Askofu hakuninunulia. Waliotoa pesa ni akina mama wauza samaki wa omena wa Kisumu Ndogo na wauza mboga za sukuma wa Laini Saba; yeye alishika maikrofoni. Mchango wake mwenyewe kwa ala ile nitausimulia hapa, kwa sababu nilijua hautasomwa kwenye wasifu wake. Nilimwambia Elisha nitakuja. Sikwenda kwa huzuni na sitajifanya. Nilitaka kusikia watadanganya namna gani.

Nilikozaliwa na aliyenizaa nitaviruka. Watu wakiandika maisha yao hupenda kuanzia kwa babu. Babu yangu hakuwahi kuona klarineti. Mwaka ninaousema ni ule uliofuata kidato cha nne, nilipoanza kulala chumbani kwa shangazi, mtaa wa mabanda wa Laini Saba, kitanda upande mmoja wa pazia na jiko la mafuta upande wa pili. Mchana nilishinda kanisani, wala si kwa imani. Kanisa la Askofu lilikuwa na ukumbi mkubwa kuliko wowote upande ule wa reli, mabati juu, mabati kando, saruji chini, na siku za wiki Mwalimu Barasa alitufundisha muziki humo kwa ala za kuazima zilizoletwa na mradi wa wafadhili. Uaskofu wenyewe alijipa, kofia akashonewa na fundi wa Makina, lakini ukumbi ulikuwa wa kweli. Tulifanya mazoezi tukiwa tumebanana kati ya viti vya plastiki na madhabahu yenye maua ya plastiki, na kinanda cha kanisa kikiwa pembeni kimefunikwa kitambaa cha zambarau. Kinanda hicho kilikuwa na vibonyezo kadhaa vya katikati visivyolia. Vilinyamaza tangu Jumapili kilipowekwa wakfu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Adhuhuri tulikula chapati na madondo, maharagwe ya kukaanga, kwenye kibanda nje ya geti, na tukirudi Barasa alitusimamisha mlangoni akatukagua vidole. "Mafuta na ala hazipatani," alikuwa akisema. "Enda unawe kwanza." Nawaomba mkumbuke kwamba alilijua hilo.

Nilipiga klarineti ya kawaida, ile ndogo, na niliipiga vizuri. Unyenyekevu nawaachia wasioweza. Mwanzoni mwa mwaka Barasa alirudi kutoka mjini na habari. Chuo kimoja cha muziki kilikuwa kikiunda kikundi cha ala za kupuliza na hakikuwa na mtu wa klarineti ya besi, wala ala yenyewe. Atakayefaulu usaili akiwa na ya kwake angesoma bila karo. Klarineti ya besi ni dada mkubwa wa ile ndogo: bomba refu jeusi linalosimama sakafuni kwa kijiti cha chuma, shingo iliyopinda kuja mdomoni, na kule chini kinywa cha chuma kilichogeuka kutazama juu kama kiko cha mzee. Vidole hukaa karibu pale pale; kinachoongezeka ni pumzi. Mimi pumzi nilikuwa nayo. Nisipoingia chuo, shangazi alikuwa ameshanitafutia kazi ya kufulia watu nguo Lavington, mtaa wa matajiri, na mwajiri alikuwa akiuliza kila wiki nitaanza lini. Kati yangu na beseni la nguo za wenyewe kulikuwa na bomba ambalo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kuliona.

Ushauri haukukosekana. Mzungu wa mradi, kijana wa ndevu na sandali, alisema mtu anayejiheshimu hanunui ile ya kawaida, hununua ile ndefu zaidi inayoshuka noti tatu chini, ya mti, iliyotengenezwa Ulaya. Bei yake ingenunua ploti nzima ya vyumba vya kupangisha, choo ndani. Alinieleza hayo akimenya ndizi, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Barasa, ili nimpe haki yake kabla sijamnyang'anya, alisema maneno ya maana. Plastiki ngumu inatosha, maana mti ungepasuka baridi ya Julai. Inayoishia noti ya kawaida inatosha, maana muziki wa mwanafunzi haushuki zaidi ya hapo. Usitazame kung'aa. Ya mkononi iliyotunzwa ni bora kuliko mpya ya ovyo. "Piga ile ya chini kabisa, polepole," alisema. "Ikikuja yenyewe bila kulazimishwa, jua vizibo vinashika." Vizibo ni viduara vya sufu vilivyovikwa ngozi nyembamba, kimoja chini ya kila kifunguo, na kazi yao ni kufunga matundu hewa isitoroke. Kimoja kikivimba au kikinata, noti zote zilizo chini yake zinakufa. Elimu yote ya kuchagua klarineti ya besi ni hiyo, mtoto wa darasa la tatu angeishika. Waliokuwa na vyeo iliwashinda.

Kamati ya kanisa, iliyokuwa imeanza kuchangisha, ilisema nisiende dukani peke yangu nisije nikadanganywa. Nikapewa Mama Mercy, mwenyekiti wa akina mama. Ala ilikuwa dirishani katikati ya mji, mpya, vifunguo vya rangi ya dhahabu, imelazwa kwenye sanduku lenye velveti nyekundu ndani. Mama Mercy aliiona velveti akasahau kilichomleta. Muuzaji alikuwa kijana wa tai na viatu vya ncha kali. "Hii ni original, madam," alimwambia Mama Mercy, mimi hakuniona. "Imeingia juzi tu." Nilipoomba kuijaribu aliiunganisha shingo ikitazama nyuma, nikamgeuzia. Nikabonyeza kifunguo kimoja, kikapinda kidogo na kubaki vile vile. Nikapuliza noti ya chini, ikatoka hewa tupu. Nikapuliza tena, ukatoka mlio wa kuku aliyekanyagwa.

"Itazoea," akasema yule kijana.

"Izoee nini?"

"Wewe. Ni mpya, bado iko na aibu."

Ala yenye aibu! Nimekutana na wauzaji wengi tangu siku hiyo, wengine wezi wa kutupwa, lakini mjinga aliyepigwa pasi vizuri kama yule sijampata tena. Mama Mercy alitoka mle akiwa amekasirika, si na muuzaji, na mimi. "Unajifanya unajua sana," aliniambia tukivuka barabara. "Ile kitu ni smart. Hata kwa picha ingetokea vizuri."

Ndipo Barasa akakumbuka kwamba mwenzake wa zamani kwenye bendi, aliyeitwa Wanjala, alikufa akiacha ya kwake, na mjane yuko Kawangware. Nilienda kwa miguu, nikipita kando ya nyua za Lavington ambako beseni langu lilikuwa likiningoja. Mama Nekesa aliishi kwenye chumba cha mawe nyuma ya mashine ya kusaga unga, na mashine ikiwashwa unga mwepesi uliingia chini ya mlango. Viti vilivikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono. Marehemu alikuwa ukutani na sare ya bendi, kifua mbele. Juu ya kabati kulikuwa na trei ya vikombe vya wageni ambavyo, kwa nilivyokuja kuona, hakuna mgeni aliyewahi kustahili. Mwenyewe alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"Ni wewe unataka hiyo kitu?"

"Ndio, Mama."

"Umekula?"

Nikasema nimekula. "Uongo," akasema. "Keti." Akaniwekea ugali wa wimbi na mrenda, mboga ya utelezi. Mimi nilikuwa nimelelewa kwa muthokoi wa mahindi na maharagwe, chakula kinachokaa mahali unapokiweka. Mrenda ulitoka kwenye sahani hadi kidevuni kwa uzi mmoja usiokatika, na Mama Nekesa alinitazama nikihangaika bila kunisaidia. "Nyinyi Wakamba hamjui kukula," akasema, kwa furaha kubwa. Kisha akainama, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, na kuanza kumsema mumewe aliye ukutani. "Huyu mzee alinunulia hii kitu ridi mingi kuliko vile alininunulia viatu. Ikikohoa, anaamka kuiangalia. Mimi nikikohoa, ananiambia nigeukie ukuta."

Ilikuwa imefifia, nyeusi ya kuchoka, vifunguo vimelika pale vidole vya Wanjala vilipokaa, na kifunguo kimoja kilirudishwa na mpira wa kufungia noti za pesa badala ya springi. Niliiunganisha. Nikaloweka ridi mdomoni, kile kipande cha mwanzi kinachotetema mtu akipuliza, nikapiga ile ya chini kabisa, polepole. Ilikuja yenyewe. Ilijaa chumba kuanzia sakafuni, na juu ya kabati vikombe vikaanza kutikisika kwenye trei, ingawa mashine ya unga ilikuwa imezimwa. Mama Nekesa alikuwa akikusanya sahani. Mkono wake ulisimama. Hakulia, hakuwa mtu wa hivyo. "Enhe," akasema. "Hiyo ndio ilikuwa inaniharibia usingizi." Alitaka pesa pungufu ya ile ya dirishani, na nilipomuuliza kwa nini ni rahisi hivyo alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana maji. Hakutaka kumuuzia mtu wa kuitundika ukutani. Hilo, na jambo moja zaidi: "Hiyo askofu yenu asiishike. Namjua." Nilichagua pale pale, mrenda bado kidevuni.

Kamati iliketi juma lile. Mimi nilikuwa nyuma ya mabati nikichemsha chai yao, na mabati hayazuii kitu. "Tumenunua vikombe vipya vya meza ya Bwana," alisema Mama Mercy, "leo tumpatie Mungu mtumba?" Mweka hazina aliuliza mzee alikufa na nini, isije ikawa kifua kikuu. "Si kifua kikuu ya kuogopa," Askofu akasema, na nikamsikia akivuta kiti mbele. "Pumzi ya mtu ni roho yake. Huyo mzee alikuwa anapiga hiyo kitu kwa mabaa. Hiyo roho ya baa iko ndani mpaka saa hii." Wote wakaguna. Nataka mwelewe ni nani waliokuwa wakiguna. Hakuna mtu kwenye meza ile aliyevaa uzi ambao haukutoka soko la mitumba la Toi. Koti la Askofu nililiona likichaguliwa, Mama Mercy mwenyewe alilipigania na mwanamke mwingine, na mwenye koti wa kwanza huenda alifia ndani yake huko kwao. Roho ya koti haikumsumbua mtu. Kilichoniokoa si imani wala muziki, ni mweka hazina. "Lakini hii ya Kawangware ni bei poa," alisema. Nikasikia mtu akitafuna mandazi. Askofu akakohoa akasema basi itanunuliwa, lakini itasafishwa. Nilifurahi hata nikatia sukari mara mbili. Nilidhani kusafishwa ni kuombewa.

Jumapili ya kuisafisha ilikuwa na wageni kutoka ng'ambo, wamekaa mbele na kamera zao. Askofu aliniambia niilete madhabahuni ikiwa imeunganishwa, na nikailaza kwenye kitambaa cha zambarau kilichotolewa kwenye kinanda. Alikuwa na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya kupikia, yale ya manjano, yaliyoombewa. Nilingoja achovye kidole; kidole kimoja, nilijiambia, si kuishika kule alikokataza Mama Nekesa. Badala yake aliishika klarineti shingoni, akaichomoa shingo, akaliinamisha bomba, akamimina. Alimimina mpaka yakatokea kule chini kwenye kinywa cha chuma, watu wakapiga vigelegele, kisha akapokea jagi la maji ya chumvi na kumwagia vifunguo kuanzia juu hadi chini. Niliruka. "Vizibo! Askofu, vizibo!" Wahudumu wawili walinidaka mabegani. "Anatoka!" Mama Mercy akapaza sauti. "Pepo ya mzee inatoka kwa msichana!" Na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo Askofu alivyomimina, maana kelele zangu zilikuwa ushahidi. Walinilaza kwenye saruji. Mtu aliniwekea kiganja kwenye paji la uso na kunisukuma, kinanda kikalia wimbo wenye mapengo, na mimi kutoka pale chini niliona viatu vya Mwalimu Barasa kwenye mstari wa mbele, vimepakwa rangi vizuri, vimetulia. Nikainua macho. Alikuwa akisema amina.

Askofu alitupa ukumbi bure, na Barasa aliuhitaji ukumbi. Hiyo ndiyo hesabu yake yote, naielewa, nami leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile na nimekwisha kuhitaji vitu vingi kutoka kwa watu ninaowadharau. Bado sijapata ndani yangu mahali pa kumsamehe. Mjinga humimina mafuta kwa sababu hajui. Yeye alijua, alitukagua vidole kila adhuhuri kwa ajili ya madondo, na alipoona chupa nzima ikiingia alichagua kusema amina. Niliposimama nilikuwa nimetulia, kwa kuwa sauti ilikuwa imekwisha. Kanisa likanipigia makofi. Nilikuwa nimepona.

Usaili ulikuwa wiki ile ile. Niliifuta kwa leso ya shangazi ndani na nje, nikaianika kivulini, nikaiombea hata mimi, kwa hasira. Chumvi ilikuwa imevivimbisha vizibo na mafuta yakavinatisha, na noti za chini zilikuwa zimekufa zote. Chuoni waliniingiza kwenye chumba chenye zulia na piano kubwa, madirisha yamefungwa. Mwalimu wa kwanza, mwanamume wa miwani iliyofungwa kamba, aliinua pua. "Kuna mtu amebeba chipsi?" Nikaeleza. Walicheka, si kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi, maana walikuwa watu wanaojua kizibo ni nini na hawakupata cha kufanya zaidi ya kucheka. Nilipiga nilichoweza. Kila kifunguo kilipoinuka kilitoa mlio wa kubandua plasta, na nilipoifikia ile ya chini kabisa ikatoka hewa tupu, sawa na ile ya dirishani. "Una pumzi nzuri," akasema wa miwani. "Rudi mwaka ujao, ukipata ala." Nililia kwenye ngazi zao safi, nikiwa nimelikumbatia lile sanduku lenye harufu ya jikoni. Niliumia vibaya sana na ninaumia nikiandika. Jumatatu iliyofuata nilianza kufua Lavington.

Jumamosi yangu ya kwanza ya mapumziko nilikwenda Kawangware, kwa sababu kila mtu mwingine niliyemjua alikuwa akinipongeza kwa kufunguliwa kutoka kwa pepo. Mama Nekesa alifungua sanduku, akanusa, akapitisha kidole kwenye kifunguo akakiweka ulimini. "Ni mafuta ile ya kupimiwa kwa duka," akasema. "Hata hakununua ya mkebe." Kisha akacheka mpaka akashika kabati, kisha akatukana kwa Kibukusu, kirefu, akimgeukia mumewe ukutani mara kwa mara ili asikose neno. Alipomaliza alipanda kwenye stuli na kuteremsha kopo la biskuti. Lilikuwa limejaa vizibo vipya, kila saizi kwenye karatasi yake. "Huyu mtu alikuwa mchoyo kwa kila kitu," akasema. "Lakini hizi alinunua. Kuweka sijui. Utajua mwenyewe."

Nilijua mwenyewe, kwa kuharibu. Jumamosi zote za mwaka ule nilikaa kwenye sakafu yake, unga ukiingia chini ya mlango, nikibandua vizibo vilivyooza, nikiosha vifunguo kwa sabuni ya kufulia ambayo vidole vyangu vilikuwa vimeshaizoea, nikiyeyusha gundi kwa mshumaa na kubandika kipya. Kikikaa upande nilikitoa tena. Nilipima kwa ukanda wa karatasi ya gazeti: unauweka chini ya kizibo, unafunga, unavuta; ukikwama, kinashika. Mama Nekesa alipika akinitukania kabila. Nilijifunza kuukata uzi wa mrenda kwa kuzungusha kiganja, na siku nilipofaulu alinyamaza, ambayo kwake ilikuwa sherehe. Kabla ya chakula ilibidi nipige. "Si ati napenda," alisema mara ya kwanza, ingawa sikuwa nimeuliza. "Niliizoea." Nilipiga ile ya chini, na yeye hakunitazama mimi, alitazama trei. "Bado," alisema. Wiki iliyofuata, bado. Hakunipa moyo hata siku moja, wala hakunidanganya, na mimi niliyekuwa nimeshiba amina nilimpenda kwa hilo kuliko mtu yeyote niliyekuwa namjua. Mvua fupi zilikuwa zimeshaanza siku vikombe vilipotikisika. Alivitazama mpaka vikatulia. "Haya," akasema. "Sasa kula."

Mwaka uliofuata nilirudi kwa wale wa zulia, nikaingia, na yaliyobaki ni kazi. Askofu alichapisha picha yangu kwenye bango la kanisa, chini yake "Matunda ya Huduma," na tangu hapo alinisimulia kwenye kila changisho. Sikusikia kamwe kwamba aliuliza ala inalia namna gani.

Basi mwezi uliopita nikaenda kumzika. Mama Nekesa, ambaye sasa anatembea na fimbo, alisisitiza nimchukue. "Nataka kuhakikisha ni yeye," alisema, na kweli alikwenda hadi kwenye jeneza, akachungulia kioo, akarudi kuketi ameridhika. Ukumbi ni ule ule, mabati yamepakwa rangi. Walisema alilea vipaji. Walisema alipomshika mtoto, mtoto alichanua. Mama Mercy, mzee na kofia kubwa, alisimulia jinsi pepo ya baa ilivyotolewa kwa msichana mmoja ambaye leo anapiga muziki mpaka ng'ambo, na watu wakageuka kunitazama wakitabasamu. Jina langu likaitwa. Nilikuwa nimeshaiunganisha, ya Wanjala, mpira wa noti ungali mahali pake, nikaisimamisha kando ya jeneza, na ndipo Pasta Elisha akanijia na suti yake mpya na chupa ya soda mkononi, ndani mkiwa na mafuta yale yale ya manjano.

"Kabla dada yetu apige," akaliambia kanisa, "tuibariki kwanza, vile Mzee alifanya."

Alikwisha kuinyoosha. Nilimshika kiwiko cha mkono, si kwa nguvu, nikaitoa chupa kwenye vidole vyake, nikaikaza kifuniko, nikaiweka juu ya jeneza kati ya mashada.

"Mpake yeye," nikasema, na maikrofoni ilikuwa wazi. "Kwake hakuna kitu itaharibika."

Mama Mercy alishika kofia. Kwenye mstari wa mbele Mwalimu Barasa, mzee wa mvi sasa, aliteremsha macho kwenye viatu vyake, na safari hii hakusema amina. Kisha fimbo ikagonga saruji.

"Piga basi," akasema Mama Nekesa. "Sikutoka Kawangware kuja kunusa mafuta."

Nikapiga ile ya chini kabisa, polepole. Ilikuja yenyewe, ikajaa kuanzia sakafuni, na juu ya jeneza ile chupa ikaanza kutikisika.